Mahudhurio ya Mama Fidelis

Jumatatu ya wiki ya pili ya Kwaresima, saa nne asubuhi, Stefania alikuwa ameketi barazani kwake anasuka ukili, miguu ameinyoosha mbele, na mbu wawili wenye madoa meupe miguuni wakatua kwenye kifundo chake cha kushoto. Aliwaona. Aliwapunga kwa pindo la kanga, wakaondoka, wakarudi. Hakuhangaika nao zaidi. Miaka yote aliyofundishwa habari za mbu, kliniki, redioni na kwenye mikutano ya kijiji, alifundishwa mbu wa usiku, na kwa mbu wa usiku alikuwa amejiandaa. Chandarua chake hakikuwa na tundu hata moja. Kila jioni alikichomekea kwanza chini ya godoro, ndipo akapiga ishara ya msalaba.

Watu walimwita Mama Fidelis, kwa jina la mtoto wake wa pekee. Fidelis alifanya kazi Uchindile kwenye mashamba ya miti na alipiga simu kila Jumapili. Mume alikuwa amefariki, huu mwaka wa sita. Nyumba ilikuwa ya mwisho kitongojini, upande wa barabara ya kwenda Michenga. Nyuma yake hapakuwa na nyumba nyingine, ulikuwa mpunga tu mpaka macho yanachoka.

Jumamosi homa ilimshika. Viungo vilimuuma hata akashindwa kushika sindano ya kushonea ukili. Jumatatu alijikongoja hadi zahanati, akapanga foleni kwenye benchi la veranda, akatobolewa kidole. Kipimo kikaonyesha mstari mmoja.

"Malaria huna, mama," alisema mganga wa zamu. "Huna kitu."

"Lakini naumwa, mwanangu."

"Unaumwa, ndiyo. Lakini huna kitu."

Hakumwambia kwa ubaya. Daftari la zahanati lilikuwa na safu mbili za homa, moja imeandikwa "malaria ipo" na nyingine "malaria haipo", na msichana wa mapokezi, Careen, akaweka alama kwenye ya pili. Stefania akapewa panadol, akashukuru, akarudi nyumbani. Jumatano homa iliondoka. Alitokwa na vipele vidogo kifuani, navyo vikaondoka. Siku ya Njia ya Msalaba alipiga magoti vituo vyote kumi na vinne.

Siku kumi baada ya homa kuondoka, Jumamosi, aliamka akashusha miguu kitandani na sakafu haikuwepo. Alitazama, akaiona sakafu ipo na miguu iko juu yake, lakini miguu haikumwambia hivyo. Aliichukua rozari chini ya mto, akabonyeza ncha ya msalaba kwenye kidole gumba. Hakusikia. Akapanda nayo polepole, kifundo, muundi, mpaka chini kidogo ya goti, hapo akasikia. Alikwenda kwenye sala ya jumuiya ya kitongoji kwa kushika fimbo. Jumapili msalaba ulisikika juu ya goti. Jumatatu ulisikika nyongani, na Stefania hakuweza kusimama.

Jumatatu hiyo aliazimia kwenda zahanati. Alinawa uso, akajifunga kanga, akatia kadi ya bima kifuani, akasema, "Haya, twende." Miguu ikaenda. Yeye alibaki.

Haikutoka mwilini. Mapaja, magoti na vidole vilikuwa palepale kwenye mkeka, na kovu la jembe pale kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilipokatika mwaka alioolewa. Kilichoondoka ni kukanyaga kwake. Alisikia matope ya uani, ya baridi. Alisikia changarawe za barabara, daraja la mbao, nyasi zenye maji. Baada ya muda wa kama rozari moja na nusu alisikia saruji, akajua amefika zahanati. Akangoja huko akiwa amelala hapa.

Veranda ya zahanati ilikuwa imedekiwa. Nyayo mbili za matope zilipanda ngazi, zikapita mbele ya benchi, zikasimama mwisho wa foleni. Ule wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

"Huyo Mama Fidelis," alisema mzee Beno, aliyekuwa anakuja kufungwa kidonda. "Shikamoo dada. Sogeeni basi, mwenzenu akae."

Wakasogea. Foleni ilipofika nyayo zilikwenda dirishani. Careen alizitazama, akafungua daftari, akaandika jina la Stefania. Kwenye safu iliyouliza mgonjwa amefikaje, akaandika, "Anatembea mwenyewe." Mganga wa zamu akachungulia.

"Si nilishamwambia hana kitu?"

"Ulishamwambia," alisema Careen.

Nyayo zikarudi. Careen akachukua dekio.

Ikawa hivyo kila siku ya kazi. Jioni miguu iliporudi, Stefania alisikia matope ya uani tena, halafu hakusikia kitu mpaka asubuhi. Jirani yake, Sikitu, alikuja mara mbili kwa siku, alfajiri kabla ya kwenda shambani na jioni akirudi. Alimwosha, akamsogezea maji na wali wa moto, akamtoa barazani au kumrudisha ndani. Sikitu alikuwa na watoto watano na maneno machache. Siku ya pili alipita zahanati akasema kwamba jirani yake yuko mkekani, hawezi hata kugeuka.

"Lakini anakuja hapa kila siku, dada," alisema Careen.

Jumamosi akasema pia bombani kwa wanawake wa jumuiya. Wao wakacheka kidogo, wakamwambia, "Sikitu, wewe si wa kanisani kwetu. Sisi Njia ya Msalaba tulikuwa naye."

Ilikuwa kweli, kwa kuwa miguu haikwenda zahanati tu. Miaka thelathini ilikuwa imezoea njia zake. Ijumaa ilikwenda Njia ya Msalaba, ikasimama na kusonga kituo kwa kituo. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ilikwenda kwenye jumuiya, nyumba yoyote iliyokuwa na zamu. Katibu, Scolastica, alikuwa na daftari la mahudhurio. Aliyefika aliwekewa alama ya vema, asiyefika alama ya mkasi. Hakuna aliyelichezea daftari lile, maana siku mtu akifa, jambo la kwanza padre anauliza ni daftari linasemaje, na mwenye mikasi mingi huenda akazikwa na katekista, au asizikwe na kanisa kabisa. Scolastica aliziona nyayo kwenye ukingo wa mkeka, akahesabu vidole vinne, akaweka vema. Wagonjwa wa jumuiya hutembelewa Jumapili, hupelekewa Komunyo na kuchotewa maji. Mtu aliyehudhuria hatembelewi.

Jumapili ya Matawi simu iliita. Stefania aliipokea kwa shida, kwa kuwa vidole vya mkono navyo vilikuwa vimeanza kupooza.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Mzima?"

"Mzima. Nilitaka kuomba ruhusa nije, Jumapili iliyopita uliposema miguu imekufa ganzi. Sasa mzee Beno ameniambia wanakuona zahanati kila siku, unakwenda kwa miguu na kurudi. Nikamshukuru Mungu."

"Wananiona, ndiyo."

"Basi nitakuja mavuno. Huku wakimkosa mtu siku mbili, wanaweka mwingine."

"Usiiache kazi," alisema Stefania. Alitaka kusema na jingine, lakini Fidelis alikuwa amefurahi, na sauti yake ilipofurahi ilifanana na ya baba yake. Akamwacha afurahi.

Mtu mmoja tu alikuja kwa sababu ya nyayo. Melkiori alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na minane kwenye wodi za hospitali kubwa, akisukuma vitanda na kugeuza wagonjwa, kabla ya kustaafu. Jumatatu ya Wiki Takatifu alikuwa kwenye benchi la zahanati kwa ajili ya kikohozi, akazitazama nyayo za Stefania zikipanda ngazi. Mbele ya kila unyayo palikuwa na mkwaruzo wa vidole. Akazifuata zilivyokuja, kinyumenyume, mpaka nyumba ya mwisho.

"Hodi."

"Karibu, mzee Melkiori. Siwezi kuinuka."

"Najua. Nyayo zako zinaburuta vidole. Ulikuwa na homa?"

"Nilikuwa nayo. Lakini wamesema sina kitu."

Melkiori akakaa kwenye kigoda. Alichukua msalaba wa rozari, akaupitisha alipokuwa akiupitisha Stefania kila asubuhi. Ulisikika chini ya mbavu.

"Mbu hawa wa mchana nao wana homa zao," alisema. "Si malaria, ni virusi. Watu wengi wanaugua wiki moja, yanaisha. Mmoja mmoja, tena mara chache sana, homa ikishaondoka ndipo mwili unageuka kupigana na mishipa ya fahamu yenyewe. Inalala, kuanzia chini kwenda juu. Nimegeuza watu watatu wa namna hii wodini. Wawili wanatembea mpaka leo."

"Na wa tatu?"

"Ilipanda kifuani kabla hawajamleta. Ikifika hapo, hata kupumua mtu anasahau. Kuna mashine, lakini iko hospitali kubwa. Na wale wawili walifanyishwa mazoezi ya viungo miezi mingi, nayo yako hukohuko. Unahitaji barua ya rufaa, mama. Bila barua kadi yako hawaipokei."

"Barua inaandikwa na nani?"

"Na aliyekwambia huna kitu."

Alikwenda siku hiyohiyo kusema na mganga. Alirudi jioni, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Ameniuliza cheti changu cha udaktari kiko wapi. Nikamwambia nina cheti cha kusukuma vitanda. Akacheka, si mtu mbaya. Amesema fomu ya rufaa ina maswali mawili, ugonjwa gani, na mgonjwa anatembea au hatembei. La kwanza hana jibu lake. La pili lina jibu tayari kwenye daftari."

"Kwamba natembea."

"Kila siku, mama."

Kesho yake Melkiori alipanda gari la Mlimba kwenda Mchombe, kwa mwanawe, kulinda ndege kwenye mpunga. Aliacha amesema atapita tena baada ya mavuno.

Alhamisi Kuu saa kumi na moja jioni Sikitu alikuwa amekwisha kumrudisha Stefania ndani. Msalaba asubuhi ile ulisikika vidole viwili chini ya matiti. Alilala chali akapumua kwa kuhesabu, kwa kuwa Melkiori alimwambia watu husahau, na yeye hakutaka kusahau. Kwa mbali alisikia sakafu ya kanisa, vigae vyenye baridi.

Kanisani paliwekwa viti kumi na viwili mbele kwa ajili ya kuosha miguu. Kati ya walioteuliwa walikuwa wamefika kumi na mmoja. Wa kumi na mbili, mzee Nikodemu, alikuwa shambani ng'ambo ya mto, maji yamejaa, kivuko hakikuvuka. Nyayo za vidole tisa zilitoka nyuma upande wa wanawake, zikapita katikati taratibu, zikasimama mbele ya kiti kitupu, visigino vikielekea kiti, kama mtu aliyekaa. Katekista akamnong'oneza padre.

"Ni Mama Fidelis."

"Najua," alisema padre. "Nimeziona wiki mbili."

Akapiga magoti. Alimwaga maji ya jagi juu ya nyayo, akazisugua kwa mkono, matope yakatoka yakaingia kwenye beseni. Akazipangusa kwa taulo, unyayo mmoja kisha wa pili. Halafu akainama akabusu vigae mahali pale.

Stefania alikuwa anaangalia dari. Alisikia maji, yalikuwa na uvuguvugu. Alisikia mkono wa mtu ukipita katikati ya vidole, na pale pasipo na kidole ukakaa kidogo. Tangu mume wake afariki hakuna mtu aliyekuwa amemshika miguu ila Sikitu, na mikono ya Sikitu hakuisikia. Alilia kwa utulivu, machozi yakaingia masikioni, hakuyafuta. Asubuhi ya Ijumaa Kuu alipitisha msalaba. Ganzi ilikuwa imesimama palepale vidole viwili chini ya matiti. Haikupanda tena. Wala haikushuka.

Miguu iliyooshwa haikushika tena matope. Jumanne baada ya Pasaka ilikwenda zahanati kama kawaida, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na veranda ikabaki kavu, bila unyayo. Hakuna aliyesogea. Mzee Beno alikaa mahali pake, akasema, "Mama Fidelis leo hajaja. Labda amepona." Stefania nyumbani alisikia buti likimkanyaga, akalivumilia mpaka saa sita.

Jumamosi Scolastica alitazama ukingo wa mkeka, akaweka mkasi. Jumamosi ya pili akaweka mkasi. Ya tatu aliweka mkasi akaupigia mstari chini, na sala ilipokwisha akakwenda nyumba ya mwisho, daftari kwapani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Ingia, Scola. Siwezi kuinuka."

Scolastica aliingia. Macho yalipozoea giza la ndani, alimwona Stefania kwenye mkeka, mashavu yameingia, mikono imelala kama si yake. Alikaa chini. Kuku akaingia, akatoka.

"Kumbe upo hapa," alisema.

"Nipo."

"Nimekuja kukuuliza kwa nini umeacha kuhudhuria. Una mikasi mitatu."

"Sijaacha. Jumamosi hii mmesalia kwa Rosemery. Sakafu yake imepasuka karibu na mlango."

"Imepasuka, kweli." Scolastica alifungua daftari, akatazama mikasi yake mitatu. "Sasa niandike nini? Nikiweka vema, sikukuona. Nikiacha mkasi, umesema ulikuwepo."

"Andika mgonjwa."

"Safu ya mgonjwa haimo, Mama Fidelis. Mgonjwa anatolewa taarifa kabla."

Wote wawili wakacheka, Stefania kidogokidogo kwa sababu ya pumzi. Halafu Scolastica akalifunga daftari bila kuandika, akainuka, akaenda kumtafuta Kelestini mwenye baiskeli. Lakini zahanati ilikuwa imefungwa, ikabidi kungoja. Jumatatu asubuhi Kelestini alimbeba Stefania akampakia kwenye keria, Scolastica akamfunga mgongoni kwa Kelestini kwa kanga mbili, kiunoni na kifuani, wakaenda polepole, Scolastica akishika kwa nyuma.

"Mama, usiangalie chini," alisema Kelestini, "baiskeli hii haina breki, ina imani tu."

Wakamweka kwenye benchi la veranda, Scolastica akimshikilia. Nyayo zake zikagusa saruji, naye akaisikia. Ilikuwa baridi, na karibu na ukuta ilikuwa na chembe za mchanga. Hakuwa amesikia kitu mahali alipo yeye mwenyewe kwa muda wa mwezi na zaidi. Miguu ilikuwa imetangulia, ilikuwa hapo ikimngoja, na sasa mtu na kukanyaga kwake walikuwa mahali pamoja. Alisogeza macho chini, akaviangalia vidole vyake tisa. Hakuweza kuvisogeza. Alivisikia tu.

Foleni ilipofika Scolastica alieleza yote dirishani, tangu mbu hadi mikasi. Careen alisikiliza vizuri. Akafunua daftari nyuma, ukurasa kwa ukurasa.

"Alikuja mara tisa kabla ya Pasaka," alisema. "Zote anatembea mwenyewe. Ni mwandiko wangu."

"Mtazame basi, binti. Yuko mbele yako."

Careen akamtazama. "Shikamoo mama. Namwona. Lakini nikiandika hatembei, daftari litapingana na lenyewe, na wakaguzi wanakuja mwezi huu."

Mganga wa zamu alitoka nje, akamtoboa Stefania kidole, akangoja kipimo chini ya jua. Mstari mmoja. Alibonyeza goti kwa dole gumba, goti halikujibu. Akasimama muda akiliangalia, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali, halafu wakamwita ndani kwa ajili ya chanjo.

"Malaria huna, mama," alisema. "Huna kitu."

Scolastica akaanza kukusanya kanga. Stefania akamzuia kwa macho.

"Niache nikae kidogo," alisema. "Hapa nasikia chini."

Alikaa mpaka saa sita. Kesho yake akaomba apelekwe tena, na keshokutwa. Kelestini akaiweka safari hiyo kwenye ratiba yake, kwa kuwa njia ilikuwa moja na ya kwenda kununua mikate. Wanawake wa jumuiya walipeana zamu za kumshikilia kwenye benchi, na Scolastica akaanza kumwekea vema, maana sasa kila mtu alimwona. Mzee Beno alimsogelea upande wa kulia ili asianguke, akamsimulia habari za kidonda. Careen kila asubuhi alifungua daftari, akaandika jina, akaweka alama kwenye malaria haipo, na kwa kuwa mwandiko ukishazoea hauulizi, akaandika, "Anatembea mwenyewe."

Jumapili Fidelis alipiga simu. Alisema amesikia kwa watu watatu tofauti kwamba mama yake anaonekana zahanati kila siku, anazungumza na watu. Alisema moyo wake umetulia.

Jumatatu saa sita Kelestini alikuja zahanati kama kawaida, akamfunga mgongoni kwa kanga mbili. Baiskeli ilishuka kwenye veranda, ikapita daraja la mbao, na Stefania hakulisikia daraja. Miguu haikumfuata tena nyumbani, siku zile ilikuwa inabaki zahanati. Alilazwa mkekani, Kelestini akaaga. Mchana wote alisikia saruji, ya moto kwanza, halafu ya uvuguvugu, halafu jua lilipohama ikapoa. Miguu ilikuwa imesimama mwisho wa foleni, inangoja kuitwa.